Chai ya Boti na Ufuko wa Mama

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmeniuliza mara nyingi safari yangu ya Mwanza ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa neno moja tu, nzuri, kisha nachukua chaki naenda darasani. Haikuwa nzuri. Mlinisindikiza stesheni ya Dodoma nikiwa peke yangu na kapu la zabibu, mkanipokea nikiwa na mama yangu mzazi, godoro lake na kuku wake wawili. Mtu akiona hivyo ana haki ya kuuliza. Basi nitawaeleza taratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wenu hamjaliona ziwa, na asiyelijua ziwa hawezi kuelewa kilichonipata mle.

Mnakumbuka jinsi safari ilivyoanza. Mdogo wangu Shija alipiga simu kwa mwalimu mkuu, nikaitwa kutoka darasa la tano. Akaniambia nije likizo hii bila kukosa, kwamba amepata boti ya kifahari ya kukodiwa na watu binafsi, tutapanda sisi wa familia tu, tutazunguka ziwani asubuhi tukinywa chai mezani kama watalii. Baba mkubwa atakuwepo na shangazi atakuwepo. Nilirudi darasani nikitabasamu, hata watoto wakaniuliza kuna nini.

DODOMA HADI TABORA

Mambo ya tiketi na foleni nayaruka, kila mmoja wenu anayajua. Treni iliyotakiwa kuja asubuhi ilikuja jioni, na katika chumba cha wanawake nilimkuta mama mmoja ameshatawala vitanda viwili. Kimoja alikilalia yeye, juu ya cha pili alilaza mabelo yake ya mitumba aliyotoka kununua Dar. Alijitambulisha kwa jina la Mama Nyamizi, wa Shinyanga, zamani karani wa ushirika wa pamba, sasa mfanyabiashara. Alisema kazi ya ukarani haikumfukuza, ilimfia mikononi kama mgonjwa, na siku aliyofunga ofisi alitoka na kiti alichokuwa akikalia, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kukidai.

Saranda tulinunua kuku wa kukaanga na wali uliofungwa kwenye majani, tukala kwa mikono dirishani. Itigi nikanunua asali ya mama yangu kwenye chupa ya soda. Baada ya Itigi, katikati ya pori, injini ikazima. Hatukuambiwa lolote. Ndivyo ilivyo kwenye treni: ukiona wanaume wanashuka mmoja mmoja kujinyoosha, ujue ni kidogo, ukiona mpishi wa behewa la chakula ameshuka na kigoda chake, ujue mtalala hapo. Mpishi alishuka na kigoda.

Joto lilikuwa la kutosha kuivisha zabibu mara ya pili. Kesho yake zilianza kutoa harufu ya pombe, ikabidi nizigawe behewa zima kabla hazijawalevya watoto. Watu walishukuru sana. Mzee mmoja aliyekuwa akienda Uvinza aliniombea dua ndefu, na ilikuwa katika dua hiyo tulipogundua kwamba amekaa behewa la Mwanza tangu Morogoro. Tulimweleza kwamba Tabora mabehewa yatatengana, haya yanakwenda ziwani, yale yanakwenda Kigoma. Alitusikiliza kwa adabu, akasema yeye amekata tiketi ya treni hii, hakukata ya nyingine, akafumba macho. Mama Nyamizi alimbeba karibu mzobemzobe hadi behewa lake tulipofika Tabora.

Kabla ya hapo, wakati wa kusubiri, nilikuwa nimemsimulia Mama Nyamizi habari ya boti. Nilimsimulia kwa fahari, sitaficha. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mwalimu," akaniambia, "ndugu akikupa chai ya jikoni, anakupenda. Akikupa chai ya kwenye boti, muulize anauza nini."

Nilidhani ni maneno ya mtu wa biashara, ambaye kila kitu anakiona na bei yake. Nikamwambia ndugu yangu hayuko hivyo. Akasema, sawa, na akanimegea kipande cha kuku.

TABORA HADI MWANZA

Mama Nyamizi alishuka Shinyanga na mabelo yake, akanipungia mkono bila kugeuka. Baada ya hapo nilibaki dirishani nikitazama maghala ya pamba yaliyokuwa yamefungwa, nyasi zimeota hadi kwenye mizani. Mimi nilikulia kwenye harufu ya pamba. Msimu wa mauzo barabara ya kwetu ilikuwa nyeupe pembeni kwa pamba iliyopeperuka, na sisi watoto tuliikusanya kutengenezea mito. Mwaka huu pembeni mwa reli hapakuwa na kitu cheupe isipokuwa mifuko ya plastiki.

Ukikaribia Mwanza, mawe ndiyo yanayokupokea. Ni mawe makubwa kama nyumba, yamepandana bila mpangilio, na nyumba zenyewe zimejibanza katikati kama zimeomba nafasi. Kisha, kwenye uwazi kati ya jiwe na jiwe, unaliona ziwa. Niliinuka kulitazama, kama ninavyofanya kila nirudipo. Pale palipotakiwa kuwa na maji nikaona shamba la kijani, bapa, lenye maua ya zambarau, limeenea mbali.

Nikamwambia kijana aliyeketi karibu nami, "Kumbe siku hizi wanalima mpunga hadi huku."

Alinitazama kwa huruma. "Mama, yale ni magugu maji. Chini yake ni ziwa."

Nilikuwa nimeyasikia redioni, lakini masikio si macho. Niwaeleze: ni mmea unaoelea, hauna shida na udongo, upepo ukivuma unahama nao kama kundi la ng'ombe. Leo ghuba ni nyeupe kwa maji, kesho imefungwa kabisa na mtumbwi haupiti. Wavuvi wanakata njia kwa mapanga, wanapata mfereji mwembamba wa kupitisha chombo kimoja, na mfereji huo hauna uhakika wa kubaki hadi jioni.

KIRUMBA

Shija alinipokea na gari la mtu. Alikuwa amenenepa, amevaa viatu vilivyochongoka, na mkononi alikuwa na saa nzito. Nilifurahi kumwona, jamani, nisiseme uongo. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Alipopunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba alikaa miaka akiuza sigara moja moja, nikamtumia nilichoweza. Sasa alikuwa wakala wa kiwanda cha minofu ya sangara. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mialo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, kuwashawishi wavuvi wauze kwa kiwanda chake, si kwa kingine.

Mtaa wote wa Kirumba, anakoishi, ulikuwa unanuka samaki, na kila kona kuna karai la mafuta. Nilitamani samaki, nikamwomba wifi, mke wa Shija, anikaangie. Aliniletea sahani yenye kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, katikati hamna kitu. Nilidhani watoto wameshakula nyama wakaniachia mifupa, na kwa ajili ya adabu nikasema nimeshiba. Wifi akacheka, akanieleza hayo ndiyo mapanki. Minofu inakwenda Ulaya kwa ndege, kiwanda kinauza kilichobaki, na ndicho watu wa mjini wanachokula sasa. Nikanyonya ule mfupa. Ulikuwa mtamu, kwa kiasi mfupa unavyoweza kuwa mtamu.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alikuwa ameshafika kutoka kijijini, na shangazi pia. Nilimwamkia baba mkubwa kwa magoti, akaitika marahaba kwa sauti pana. Alikuwa na viatu vipya vinavyofanana na vya Shija. Nikauliza mama yuko wapi. Shija alijibu haraka kwamba miguu inamsumbua, kupanda boti hawezi, na kwamba tutakwenda kumwona pamoja baadaye. Shangazi alinitazama, akataka kusema kitu, kisha akaanza kumsifia mtoto mdogo wa Shija kwa kunyonya vizuri.

ZIWANI

Asubuhi tulishuka Mwaloni, katikati ya wachuuzi na mizigo ya dagaa, tumevaa nguo za kanisani. Kumbe boti ilikuwa ya mwenye kiwanda, ambaye hakuwepo. Ilikuwa nyeupe, ina paa la turubai, na katikati meza ndefu iliyotandikwa kitambaa. Viti vilikuwa benchi mbili, moja kila upande. Nahodha alikuwa Mjita wa makamo aitwaye Majura, mtu wa maneno machache, aliyetupa mkono mmoja mmoja tukapanda.

Na chai ilikuwa chai kweli. Mikate iliyochomwa, mayai, maji ya machungwa kutoka kwenye boksi, siagi, chupa za chai na za kahawa. Shangazi aliinua soseji kwa uma, akaizungusha, akauliza ni utumbo wa mnyama gani huyu aliyenyooka hivi. Katikati ya meza palikuwa na sahani ya minofu ya sangara iliyokaangwa, mikubwa, haina hata mwiba mmoja. Baba mkubwa amekula samaki maisha yake yote, lakini alikitazama kipande kile kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Kwa hiyo huyu ndiye yule anayepanda ndege," akasema. Tukacheka sote, hata Majura.

Tuliondoka polepole, tukaingia kwenye mfereji uliokatwa katikati ya magugu. Hapo, wenzangu, niliona uzuri ambao siwezi kuukana ingawa nimekasirika. Maji yalikuwa mstari mmoja mweusi, kulia na kushoto ukuta wa kijani wenye maua, ndege weupe wanatembea juu yake kana kwamba ni nchi kavu. Wavuvi waliokuwa wakitoka walijibana pembeni kutupisha, wakatutazama tukipaka siagi. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Wenye nchi hao." Shija akampungia mkono.

Tulikuwa tumefika mbali, Kirumba imebaki mawe tu nyuma yetu, upepo ulipogeuka. Mfereji mbele yetu ulianza kujifunga. Panga la injini likakamata mizizi, injini ikakohoa ikazima. Majura akachukua panga la mkononi, akainama ubavuni mwa boti akaanza kukata. Alisema tutulie, itachukua muda.

Shija akafuta mdomo kwa kitambaa, akasema basi tuutumie muda huo vizuri. Ndipo akasema neno lake.

Mwenye kiwanda anataka mwalo wa kupokelea samaki upande wa njia ya Magu, mahali pa kujenga nyumba ya barafu, maji yenye kina hadi karibu na ukingo. Ameona pa kwetu. Anataka ufuko wote, kuanzia mkuyu wa chini hadi kwenye nyumba ya mama, nyumba ikiwemo. Mama atahamia Kirumba, kuna chumba. Baba mkubwa atapewa injini ya mtumbwi. Wavulana wa ukoo watapata kazi. Siku hizi ni ruksa, alisema, na usipouza wewe, atauza jirani.

Hapa lazima nisimame niwaeleze desturi ya ukoo wetu, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu.

Kwetu mtu hamwambii mkubwa hapana kwa mdomo. Tunapokaa kikao cha ardhi au cha ng'ombe, neno likishasemwa, hakuna anayepiga kura wala kubishana. Asiyekubali huinuka, anatoka nje, anasimama uani. Hatoi sababu. Walio ndani wanaendelea kukaa kidogo, wakiona mwenzao harudi, kikao kimevunjika na neno limekufa. Akirudi akakaa, maana yake ameridhika, na halirudiwi tena. Inatosha mtu mmoja. Nikiwa mtoto, wakubwa walitaka kuuza majike ya ng'ombe mwaka wa ukame. Shangazi yangu huyuhuyu, msichana bado, aliinuka akasimama uani kutwa nzima juani, hadi baba zake wakatoka wenyewe na kigoda na maji wakamwambia basi. Ng'ombe hawakuuzwa. Ni desturi nzuri. Imetusaidia kuishi bila kutukanana.

Na anayeanza kuinuka ni mtoto wa kwanza wa mwenye mali aliyekufa. Yaani mimi.

Niliweka kikombe chini. Nikainuka.

Nikageuka kutoka, na mbele yangu palikuwa na benchi, ukingo wa boti, na magugu. Nilipiga hatua moja kuelekea nyuma, upande uleule ambao Majura alikuwa ameinama. Boti ikalala. Vyombo vyote mezani vikateleza kwa mpigo, maji yakaingia juu ya ukingo yakanilowesha miguu, shangazi akashika nguzo ya turubai na kutaja jina la Bikira Maria.

"Mama, kaa!" Majura alipaza sauti bila kuinua kichwa. "Kaa chini, tunapinduka!"

Nikakaa.

Boti ikanyanyuka. Kikombe kimoja kilikuwa bado kinazunguka sakafuni, sote tukawa tunakitazama hadi kikatulia. Baba mkubwa akavuta pumzi ndefu. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

"Basi," akasema. "Neno limekwisha."

Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa, nilisema kwa heshima yote niliyonayo: "Baba mkubwa, sikukaa kwa kukubali. Nimekaa ili tusizame."

"Veronika," akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "kukaa ni kukaa. Tukianza kuuliza mtu amekaa kwa nini, tutakuwa na desturi gani?"

Nikasema basi naisema kwa mdomo, sikubali, ufuko ni wa mama mpaka afe. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema elimu imenifundisha kumjibu mkubwa. Nilimgeukia shangazi, yule aliyesimama juani kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa analia kimyakimya, sketi yake ya kanisani imelowa chai.

"Niinuke niende wapi, mwanangu?" akasema. "Nikatembee juu ya magugu?"

Shija aliinama chini ya meza. Alikuwa anaokota vipande vya mkate sakafuni, kimoja kimoja, anavirudisha kwenye sahani kana kwamba kuna atakayevila.

KURUDI MWALONI

Majura alitukwamua kwa kusukuma na mti mrefu, tukarudi kwa mfereji mwingine, mrefu zaidi. Hakuna aliyekula tena isipokuwa baba mkubwa, aliyemaliza minofu. Tulipofika ufukweni, Majura alinishika mkono kunishusha, akauchelewesha kidogo. Aliniambia amesikia kwa nyuma, akaelewa nusu, na anaomba radhi. Yeye aliona chombo kinalala, hakujua nilikuwa kikaoni. Nikamwambia hakukosea. Ndivyo ilivyokuwa: mtu pekee aliyefanya kazi yake sawasawa asubuhi ile ndiye aliyenikalisha.

Nilimsubiri Shija pembeni, kwenye harufu ya dagaa, nikamuuliza kitu kimoja. Kwa nini botini? Nyumbani kwake kuna sebule.

Nilitegemea akane. Hakukana.

"Sebuleni ungetoka, dada," akasema. "Ungetoka, shangazi angekufuata, na mwenye kiwanda angenunua pa jirani. Uzio ungejengwa hatua tatu kutoka mlango wa mama. Angevuta harufu ileile, angesikia jenereta lilelile, na mkononi hana kitu. Hilo ndilo ulilotaka abaki nalo?"

"Ungemuuliza mwenyewe."

"Mama angesema hapana. Wewe unaishi Dodoma, unakuja na zabibu. Mimi ndiye niliyebaki hapa." Akatazama viatu vyake, vilikuwa vimeingia matope. "Siku hizi ukingoja wote wakubali, utakufa umesimama uani."

Nimeyafikiria maneno yake njia nzima ya kurudi, na kuna mahali yanaposhikika. Hilo ndilo linalouma zaidi. Angekuwa mwizi tu ningejua pa kumweka.

NJIA YA MAGU

Shija hakunisindikiza kwa mama. Nilipata lifti kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, nikakaa mbele kati ya dereva na mwanamke aliyembeba jogoo. Walikuwa wanabishana kuhusu bei ya mchele wa Magu, na kila mmoja alitaka niwe shahidi wake. Niliwakubalia wote wawili. Tuliposhuka kwenye njia panda yetu, yule mwanamke alinipa maboga mawili bila sababu, akasema nina uso wa mtu anayekwenda msibani.

Kutoka barabarani unatembea kuelekea kushoto, unapita mashamba ya mpunga yaliyovunwa, kisha ardhi inashuka na unaliona ziwa. Upande wetu magugu hayakuwa yamefika. Maji yalikuwa maji. Mama alikuwa ufukoni, ameinama juu ya mawe bapa, anageuza dagaa alioanika. Miguu yake haikuwa na shida yoyote. Alikuwa anaruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mbuzi.

Tukaamkiana, nikampa asali na maboga, akaniuliza hali za wanangu na za shule. Kisha akaniambia kwamba watu wawili walikuja wiki iliyopita na ndoo ya rangi nyeupe. Nikaona alama kwenye mawe, hadi kwenye kona ya jiko lake. Aliwaambia wasihangaike sana na rangi yao, maana watoto wake watakaa kikao, na Veronika atainuka.

Wiki iliyopita. Nilikuwa bado Dodoma, nasahihisha mitihani, na jiko la mama yangu lilikuwa limeshapakwa rangi.

Nikakaa juu ya jiwe karibu naye. Hakuacha kugeuza dagaa.

"Uliinuka?" akaniuliza.

"Niliinuka, mama."

"Ukatoka?"

Nikamweleza. Mnanijua, kueleza ndiyo kazi yangu. Nilimweleza boti ilivyo, benchi zilivyokaa, jinsi panga la injini lilivyokamatwa, nahodha alikuwa ameinama upande gani, na kwa nini chombo hulala uzito ukienda upande mmoja. Nilimwonyesha kwa viganja. Nilimweleza nilichosema kwa mdomo, na alichojibu baba mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, mikono yake ndani ya dagaa.

"Kina cha maji kilikuwaje hapo mlipokwama?"

"Sijui, mama. Majura alikuwa anasukuma kwa mti. Pengine kifuani."

Akaonyesha kwa kidevu mahali ambapo maji yanaingia katikati ya mawe mawili, pembeni kidogo ya alama ya rangi.

"Wewe na Shija niliwafundisha kuogelea pale," akasema. "Mimi mwenyewe. Kabla hamjajua kusoma."

Kisha akaniambia nimshikie mdomo wa gunia, godoro tutalifunga baadaye, na tukaanza kukusanya dagaa, ingawa walikuwa bado hawajakauka.